Sauti ya Shangazi Ndani ya Wimbo

Shangazi yangu, fundi cherehani, mtaani walimwita Spika, na hawakumsingizia. Akinong'ona, jirani wa nyumba ya tatu anaitikia. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyejitwika kazi ya kunakili nyimbo zilizopigwa marufuku.

Waya wa kuunganisha redio hatukuwa nao. Alikuwa akiziweka mbili uso kwa uso juu ya meza ya kukatia vitambaa, moja ikiimba, nyingine ikirekodi juu ya kaseti kuukuu za mahubiri, na sisi sote tumebana pumzi. Cherehani kimya. Mumewe haruhusiwi hata kukohoa.

Siku moja, katika wimbo mtamu kuliko zote, pale mwimbaji anaponyamaza na gitaa kubaki peke yake, mume akapiga chafya. Shangazi akajisahau.

"Wewe mwanamume, na pua yako nayo imeajiriwa na serikali?"

Kaseti ilichukuliwa na mpenzi mmoja wa nyimbo hizo kabla hatujaisikiliza. Watu wakainakili, na nakala zikanakiliwa. Yeyote aliyewahi kushonewa gauni hapo angeitambua sauti ile, na kwa kosa la kunakili nyimbo hizo watu walikuwa wakifungwa. Shangazi alihaha kuzirudisha. Wapi!

"Hiyo hiyo ndiyo tunayoitaka, mama," walimwambia.

Basi akafunga mdomo. Wateja waliambiwa koo limeharibika, akawa anawapima viuno kwa ishara. Askari mmoja aliyeleta suruali zake kupunguzwa alimwonea huruma mpaka akamletea dawa. Nyumba ilipoa. Nilimchukia yule mwimbaji kwa kutunyang'anya shangazi.

Hatimaye marufuku iliondolewa, na wimbo ukapigwa redioni mchana kweupe, safi, bila chafya. Askari alikuwa chumbani kwetu akijaribu suruali. Gitaa lilipobaki peke yake, kinyozi wa ng'ambo ya barabara alizima mashine, na wauza duka wakaacha kubishana. Mtaa mzima ulikuwa unangoja.

Askari naye alikuwa ameinua kidole. Akakishusha taratibu.

"Aa, hii wameikata," alisikitika. "Ile yangu ya nyumbani ina mama anamgombeza mumewe. Raha yote iko pale."

Shangazi alimkodolea macho, pini zikiwa bado mdomoni. Akazitema kiganjani.

"Nyoosha mgongo, afande! Pindo linakwenda upande!"

Askari akainua tena kile kidole. Ng'ambo ya barabara kinyozi akapiga yowe, "Amerudi!" Mimi nililia mbele za watu, wala sikuona haya.