Mwalimu Sévère na Habari Isiyoruka

Mwalimu Sévère wa Kilibula, mjini Uvira, amefundisha hesabu miaka kumi na sita, na hajawahi kumwacha mtu amalize sentensi yenye kosa. Kinyozi wake humnyoa mbiombio ili amwondokee. Mwaka huu alisoma kwenye simu jambo likampanda kichwani: otomata za seli. Ni vyumba vidogo vilivyopangwa mstari mmoja. Kwa kila pigo, kila chumba humtazama jirani yake tu, kisha hubadilika au hubaki kilivyo. Kwa hiyo habari hairuki. Ikianzia chumba cha kwanza pigo la kwanza, cha kumi hakiipati kabla ya pigo la kumi, upende usipende.

“Ile sheria, Mama Claudette wa hapa jirani, ule wa umbeya, hayaisikia bado,” mkewe Louise alimwambia.

Sévère hakucheka. Kiti cha prefe, mkuu wa shule, kilikuwa wazi tangu Pasaka, na yeye alikitaka mpaka akakosa usingizi. Alhamisi mkaguzi, Madame Marie-Jeanne, angekuja kutazama somo lake, na neno lake ndilo lingeamua.

Akapanga wanafunzi kumi mstari mmoja. Sheria ilikuwa nyepesi: ukiona jirani wa kushoto amesimama, simama kwenye kofi linalofuata. Wakafanya mazoezi Jumatatu, Jumanne, Jumatano, asubuhi na mchana. Mtu mwenye hofu ya aibu hachoki.

Alhamisi, Madame alimwinamia Rukundo, wa tano, akamnong'oneza kitu sikioni. Sévère hakujali, alikuwa anajiona tayari kwenye kile kiti. Akapiga makofi. Wa kwanza akasimama, wa pili, wa tatu, wa nne. Kofi la tano Rukundo akabaki ameketi kama gunia la mihogo. Kofi la sita, Shimwa, jirani yake wa kulia, akasimama wima. Kisha wa saba, wa nane, mpaka wa kumi, wamenyooka, wanapendeza.

“Muzuri sana!” Sévère akasema, na ndipo akamwona Rukundo.

Madame akamgeukia Shimwa kwa upole. “Mutoto, jirani yako iko anaikala. Ni nani alikupatia habari ya kusimama?”

“Hapana muntu, Madame. Minye iko namba sita, nasimamaka ku kofi ya sita.”

“Na juu ya nini haukumuangalia Rukundo?”

Shimwa akamtazama mwalimu wake, akijua kabisa kwamba safari hii jibu analo, tena sahihi.

“Mwalimu alituambia: siku Madame anakuya, muntu asiangalie pembeni.”

Madame aliandika kwa muda mrefu. Kiti kile sasa anakikalia mwalimu wa jiografia.