Moshi Huu Ni wa Nani?

Juzi nilishuka kwenye pikipiki kule Masaka nikamkuta mwanamume anachoma rundo la nyaya za kompyuta kando ya shamba la maharage, apate shaba ya kuuza. Moshi mweusi ulikuwa ukiingia moja kwa moja kwenye nyumba ya jirani. Jirani huyo akatoka, mtoto mgongoni, ndoo ya maji mkononi.

"Zima moto!"

"Mama, hii vitu iko yangu. Nilinunua."

"Na moshi iko ya nani?"

Mwanamume akainua fimbo aliyokuwa akichochea nayo. Mama hakurudi nyuma hata hatua. Mtoto akaanza kukohoa, kikohozi kikavu kisichokatika, na fimbo ikashuka polepole. Mama akamwaga maji yote motoni.

Nikamuuliza mwanamume zile kompyuta zilikufa kwa ugonjwa gani.

"Haikukufa," akajibu, akifuta macho. "Ofisi iliyoniuzia ilileta mpya. Hii ilifanya kazi vizuri mpaka nilipoivunja."

Mjini tunasema kompyuta imezeeka siku tunapoichoka. Miaka yake iliyobaki inageuka moshi na kwenda kuishia kifuani mwa mtoto ambaye hajawahi kuigusa.