Walivyotuteremsha Shule ya Chini

Jumamosi iliyopita mama alinituma sokoni Ruiri nikanunue mbegu za maharagwe. Nikapita njia ya mkato, ile ya shule ya chini. Darasa la nane halina mlango tena, na ndani mtu amejaza mabua ya mahindi.

Mji wetu, rafiki, una shule mbili za msingi za serikali, au ulikuwa nazo. Ya juu iko kando ya lami: sakafu ya simiti, tangi la maji, sweta zisizo na viraka. Ya chini iko ng'ambo ya mto, na huko ndiko nilikoanzia. Sakafu ilikuwa udongo. Kila Ijumaa tulileta kinyesi cha ng'ombe na majivu kutoka nyumbani, tukakandika kwa mikono ili funza wasituingie, tukiimba, huku githeri, mahindi na maharagwe yetu ya mchana, ikitokota nyuma ya ofisi. Sijawahi kufurahi shuleni kama Ijumaa hizo.

Nilipofika darasa la nne mama alinihamisha. Alisema mtoto hukimbia akiwekwa na wanaokimbia. Mimi sikukimbia. Mwalimu akiniuliza swali, mdomo unajifunga wenyewe. Basi darasa la nane, kabla ya usajili wa mtihani wa taifa, mwalimu mkuu alisoma majina kumi na mawili, langu la tatu. "Nyinyi mtafanyia kule chini. Mnatuharibia wastani." Darasa zima likacheka.

Shule ya chini haingekataa. Watahiniwa wake walikuwa saba tu, na bila idadi ya kutosha haingekuwa kituo cha mtihani. Mwalimu wa darasa alitupokea mlangoni. "Karibuni, watoto wangu. Lakini niwaambie ukweli. Tukiwa wa mwisho tena mwaka huu, wazazi watatoa watoto wote, na hii shule itafungwa."

Niliwekwa dawati moja na msichana niliyekaa naye darasa la kwanza hadi la tatu. Hakunisalimia.

"Mmeletwa mtuzamishe, sindio?"

"Si mimi nilipenda."

"Hata kama. Mdogo wangu ako darasa la pili na mguu wake ni mbaya. Hii ikifungwa, atavuka mto aje?"

Akanisukumia daftari lake. Tangu siku hiyo, kila saa ya chakula alitufundisha hesabu za sehemu, sisi wote kumi na wawili. "Wee! Hata punda wa chifu angekuwa ameelewa saa hii!" Tulicheka, tukajaribu tena. Nilisoma kuliko nilivyowahi kusoma. Haikutosha.

Yeye alipita vizuri. Sisi tukawavuta chini, shule ikawa ya mwisho. Kule juu walichinja fahali, wakambeba mwalimu mkuu mabegani. Januari wazazi walihamisha watoto, na kabla ya mwaka kuisha shule ya chini ilifungwa.

Jumamosi hiyo ya mbegu, mbele kidogo ya shule, nilimwona mdogo wake yule msichana ameketi nje ya kwao akipukuchua mahindi. Amekua. Haendi shule yoyote. Alinitambua, akauliza, "Mwalimu wetu atarudi lini?"

Nikamwambia muhula ujao. Sikuweza kumwambia kwamba mwalimu alishapelekwa kufundisha Kibugu, na kwamba mimi ni mmoja wa wale kumi na wawili.