Daraja Limebebwa, Simu Inasema Njia Nzuri

Juzi, kwenye dirisha la tiketi mjini Tarime, nilimkuta mama mmoja anawahi mazishi ya kaka yake huko Nyanungu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Akamuuliza karani kama njia inapitika. Karani akatafuta kwenye simu, akamgeuzia mama kioo. "Inapitika. Tovuti kubwa hii, ndiyo ya kwanza kabisa."

Nikaiomba ile simu. Mimi nimejua kusoma ukubwani, majuzi tu, kwa hiyo siruki mstari. Nikashuka na kidole mpaka chini kabisa, nikakuta katovuti ka vijana wa kata hiyo, nikasoma kwa sauti: "Leo asubuhi daraja limebebwa na maji. Zungukeni njia ya juu."

"Mbona mmewaficha huko chini?" mama akafoka.

"Siyo mimi, mama. Juu wanawekwa wale wanaotajwa na tovuti nyingine nyingi. Sasa hawa nani anawataja?"

Mama akagonganisha viganja. "Kwa hiyo huyo wa mbali, kwa kuwa ana jina, analijua daraja letu kuliko watu waliosimama pale?"

Mimi nilikasirika kuliko mama. Tangu lini jina kubwa likavuka mto?

Mama alipanda gari la njia ya juu, na nimesikia aliyawahi mazishi. Wakati anaondoka alininyooshea kidole: "Iandike hii gazetini, na waiweke ukurasa wa mbele!"

Nimeandika. Ila mhariri ataiweka huku ndani kama kawaida, mbele wamekaa wakubwa. Asante wewe uliyeshuka mpaka huku.