Swali la Mtu wa Sita

Tulipomzika mume wangu, Eljas Kemppainen, wasemaji walimsifu kwa mto. Kila kiangazi alipakia mapipa ya lami kwenye mashua ndefu nyembamba, akaiteremsha katikati ya mawe na povu mpaka mjini, amesimama nyuma na kasia la kuongozea mikononi. Hakuogopa maji, walisema, na wengine waliosema hivyo wakiuona mto wakati barafu inayeyuka huwa wanashika suruali zao kwa hofu. Hakuna aliyetaja kitu alichokiogopa. Mimi niliogopa pamoja naye, kwa hiyo nitakitaja mimi.

Eljas aliogopa kinkeri. Ndivyo tulivyoiita siku ya kila Februari ambapo mchungaji alikuja kijijini na daftari lake, tukajazana katika nyumba moja, wanaume benchi hili, wanawake benchi lile, akatuuliza katekisimu mmoja mmoja mbele ya wote. Asiyejibu hakufungishwa ndoa. Hakuna aliyelalamika isipokuwa mimi, tena jikoni, sufuria tu ndizo zikinisikia.

Eljas alikuwa ameshindwa miaka miwili mfululizo, na miaka yote miwili kwa swali lilelile: Mwokozi ni nani? Alisimama, akafungua mdomo, uso ukawa rangi ya majivu, akakaa. Mara ya pili mchungaji, Bwana Forsell, alifunga daftari kwa kishindo.

"Kemppainen, mwakani ukikaa kimya tena, usije kwangu kuomba ndoa maadamu mimi niko hai."

Mwaka huo uliofuata nilikuwa na mimba ya miezi minne. Tuliojua ni sisi wawili tu. Kwetu, aliyezaa bila ndoa alitajwa kwa jina kanisani, na mtoto wake akaandikwa kitabuni kwa neno ambalo sitaliandika hapa. Kila asubuhi niliamka roho iko juu, nikijipapasa tumbo kama vile litakuwa limenisaliti usiku.

Basi nilimfundisha majira ya baridi yote. Amri kumi alizisema bila kukwama. Sala, ubatizo, kila kitu. Tukifika kwa Mwokozi, kimya.

"Eljas, hebu sema! Ni maneno machache tu!"

"Nayajua, Priita."

"Unayajua, mbona huyasemi? Una mfupa kooni?"

"Kumwambia mtu kwamba Yeye yupo tangu milele si jambo dogo."

"Kumwambia Forsell, mwenye pua nyekundu! Hujaambiwa umwambie malaika!"

Hakucheka. Nilimwita kichwa cha gogo, nikaenda kulia zizini kwa ng'ombe. Wakati huo sikujua alichokificha. Nilijua tu kile kijiji kizima kilikijua: kwamba kiangazi cha miaka mitatu nyuma, yeye na mdogo wake Risto waliteremsha mashua wawili tu, mashua ikakwaruza mwamba, Risto akatupwa majini. Eljas alimwambia mama yao, Mama Valpuri, kwamba Risto alizama mara moja, kama jiwe, hata hakuibuka.

Siku ya kinkeri ilipofika tulikuwa na ujanja wetu, ujanja wa kijiji kizima. Bwana Forsell hakuruka kitu. Aliuliza kwa mfuatano wa kitabu, akianzia karibu na jiko na kuishia mlangoni. Kwa hiyo kila mtu alihesabu nafasi yake, akajua swali litakalomwangukia, akakariri hilo tu. Eljas alinihakikishia hakuhesabu vibaya: angekaa wa saba, apate swali la Roho Mtakatifu. Swali la Mwokozi lingemwangukia wa sita, mzee Aapeli, ambaye angeweza kulijibu akiwa amelala.

Watu waliingia wakikung'uta theluji kwenye buti. Aapeli akamtazama Eljas akipangusa jasho.

"Eh, nahodha! Hapa hamna maji, mbona umelowa?"

"Niache, mzee."

"Nikuache vipi, na benchi lote linatetemeka? Utatumwagia wino wa mchungaji."

Watu wakacheka. Mama Valpuri, aliyekaa kando yangu kwenye benchi la wanawake, hakucheka. Tangu Risto afe hakuwa mtu wa kucheka. Mimi nilijilazimisha kutabasamu.

Mtu wa kwanza alijibu. Wa pili akakosea kidogo, akasamehewa. Wa tatu. Wa nne alipokuwa akijibu, nilimwona Aapeli akiinamisha kichwa na kushika pua. Damu ilimchuruzika kwenye ndevu. Jiko lilikuwa la moto mno na mzee alikuwa na pua ya namna hiyo, kila mtu alijua. Akainuka, akanong'ona "samahani, Bwana Mchungaji," akatoka nje kwenye theluji.

Nafasi yake ikabaki wazi. Wa tano akajibu habari ya Mungu Muumba. Nikahesabu upya, nikahesabu tena, na kila nilivyohesabu ilikuja vilevile: swali la sita sasa lilikuwa la Eljas. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kuzimia ili kinkeri isimame. Mtoto tumboni, ambaye alikuwa hajawahi kucheza, siku hiyo ndiyo aliyochagua kucheza.

"Kemppainen," alisema Bwana Forsell, na kalamu akaiinua. "Unamkiri Mwokozi. Ni nani, na alianza kuwapo lini?"

Eljas akasimama. Uso ukawa rangi ileile ya majivu. Nilimwomba kwa macho, sina haya kusema, nilimwomba kama ombaomba.

"Hakuanza," alisema.

"Naam?"

"Hakuanza kuwapo. Ni Mungu. Alikuwapo kabla ya dunia."

"Vizuri!" Mchungaji mwenyewe alishangaa. "Endelea."

"Kabla ya mto. Kabla ya ule mwamba." Sauti yake ilianza kupanda. "Angekuwa mtu tu, aliyekufa zamani nchi ya mbali, ningesema hajui. Lakini alikuwapo pale. Aliona."

"Aliona nini?"

"Risto aliibuka."

Kando yangu Mama Valpuri aliinua kichwa.

"Aliibuka, akashika ubavu wa mashua. Akaniita, 'Kaka, nivute.' Nilikuwa na kasia. Ningeliachia, mashua ingepinduka. Sikuliachia. Nilimtazama. Vidole vyake vikaachia kimoja kimoja." Akaligeukia benchi la wanawake. "Nilimdanganya mama. Nyie wote niliwadanganya. Yeye siwezi kumdanganya, hana siku ambayo hakuwapo."

Bwana Forsell alimwangalia, kisha akaliangalia daftari, na nadhani hakujua afanye nini, akarudi kwenye kazi yake.

"Hiyo... hiyo ni nusu ya jibu, Kemppainen. Ni nani zaidi ya hapo?"

Eljas hakuwa na maneno tena. Kalamu ilikuwa imesimama hewani. Nikajua imekwisha, ndoa imekwisha, na jina langu litasomwa kanisani.

Ndipo Mama Valpuri alipoinuka. Mwanamke hakuvuka kwenda benchi la wanaume siku ya kinkeri, lakini yeye alivuka, sketi yake nzito ikinigusa magoti, na katika maisha yangu sijaogopa tena vile nilivyoogopa sketi ile ilipopita. Nilidhani atampiga. Nilidhani atamlaani mbele ya watu, na laana ya mama hakuna mchungaji wa kuifuta. Eljas naye alidhani hivyo, kwa sababu alifumba macho na kushusha mikono.

Alisimama kando yake, mfupi, akimfikia kwapani, akamgeukia Bwana Forsell.

"Tena ni mtu kweli," alisema. Sauti ilimkwaruza. "Alizaliwa na mwanamke. Na mama yake alisimama pale akamwona anakufa, asiweze kumshika." Akaushika mkono wa Eljas, ule ulioshika kasia siku ile mtoni. "Andika, Bwana Mchungaji. Mwanangu kajibu."

Mchungaji akachovya kalamu kwenye wino, akaandika.