Fulana ya Kwaya na Injini Mpya

Msimu ule wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kugombania pamba, nilimfungia Mzee Masanja, mnunuzi wa Bariadi, injini mpya kwenye lori lake. Ikagoma kuwaka. Nilikagua dizeli, nikabadili betri, kimya. Wakulima wakaanza kuwauzia wengine.

Mimi, fundi mkubwa, nikatamka kwamba washindani wameiroga. Mzee akamleta mama yake, mganga kutoka Maswa.

Hakupiga ramli. Aliingiza mkono kwenye bomba la hewa, akachomoa fulana yangu ya kwaya. Nilizibia bomba hilo mwenyewe siku ya kufunga injini, nyuzi za pamba zisiingie, nikasahau. Mgongoni ilikuwa imeandikwa jina langu.

Bibi akamkabidhi mwanawe fulana. "Mimi sikusoma," akasema. "Hebu nitajie jina la mchawi."