Mlango wa Kambale Tulioufunga

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, mvua za kwanza zilikuwa zimeshapiga huku juu Kaengesa, na mto ulipofika bondeni Rukwa ulikuwa mwekundu kama tope la kufyatulia tofali. Nilikuwa kijana, nimeishia darasa la nne, nimeoa huko bondeni. Wakwe walinitania kwamba Mfipa wa mlimani anajua ulezi na mahindi, samaki humjua akishakaushwa. Nilikuwa nacheka, lakini iliniuma.

Maji yakiwa mekundu hivyo, kambale hutoka ziwani kupanda mto, waende kutaga kwenye mbuga zilizofurika. Ni siku chache tu, mgongo kwa mgongo, mpaka mto unachemka. Nyuma yao huja ndege walao samaki, mwari na furukombe, huja mamba. Ndiyo maana wazee wa pale walikuwa na utaratibu. Uzio wa matete unakatiza mto, migono ya kunasia samaki inategwa kwenye matundu yake, ila katikati unaachwa mlango. Samaki wengi wapite, na mamba apite nao. Tena mtu akiingia majini kuinua mgono, mwenzake husimama ukingoni na mti mrefu, anapiga maji na kutazama. Mwenye mti hana kazi nyingine.

Mwaka ule Gaudensi, mchuuzi wa samaki kutoka Majengo, alikuja na pikapu akataka mlango ufungwe ili gari lijae. Namtaja, sioni sababu ya kumficha. Kasiani, mwenyekiti wetu wa kitongoji, alijua yote, akaletewa kambale wawili wanono, akanyamaza. Naye namtaja. Mama mkwe alishuka mpaka ukingoni kutuonya tusimzibie njia mwenye njaa. Gaudensi akamjibu, "Mama, wewe kakaushe samaki. Mambo ya mto tuachie vijana."

Tukacheka. Na aliyeufunga mlango kwa kamba ni mimi, kwa mikono hii.

Kulipokucha, kambale walikuwa wamejazana chini ya uzio, wanapandana. Nestori, kaka wa mke wangu, akaingia maji ya kiuno kuinua mgono. Mti nilikuwa nao mimi. Sasa kambale wakawa wanaruka mpaka kwenye nyasi, miguuni pangu, mwanangu, unaokota kama viazi. Nikaulaza mti chini, nikachukua kiroba.

"Shemeji, unatazama?" Nestori aliuliza.

"Natazama," nikasema, nimeinama.

Sikumwona mamba akija. Nilisikia maji. Nilipoinua uso, Nestori alikuwa ameshikilia uzio kwa mkono mmoja, ananiangalia. Mti ulikuwa hatua tatu kutoka nilipo. Nikakimbia, si kuufuata mti, bali kupanda juu. Nilipofika juu ya ukingo ndipo nilipogundua kwamba kiroba cha samaki bado kiko begani.

Tulipata shati lake tu. Msibani nilisema sana: ni Gaudensi, ni Kasiani, ni mamba. Mama mkwe, ambaye kwa heshima ya ukwe hakuwa ananitazama usoni, siku hiyo alinitazama.

"Mkwe," alisema, "mamba alifuata njaa yake. Wewe ulifuata nini?"

Nimezeeka na swali hilo. Yeye ameshazikwa. Gaudensi na Kasiani bado nawachukia, siwezi kudanganya. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa "unatazama?" akaitikia.

Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Hawakuniambia kwamba tamaa inaweza kuwa yangu na mauti yakawa ya mwenzangu.

Nasikia mvua zikianza mnataka kushuka na vyandarua kuziba mto wote. Mwanangu, acheni mlango. Samaki anakwenda kuzaa, na anayemfuata ana njaa. Ukimzibia njia, atakula kilicho karibu. Na siku ukishikishwa mti, shika mti. Samaki wakikurukia miguuni, waache waruke. Ukiulizwa kama unatazama na huwezi kutazama, sema "sitazami", mwenzako atoke majini. Neno hilo dogo lilinishinda.

Mungu akupe macho ya kukaa pale ulipowekwa, na kila anayekuamini akiwa majini, umwone akitoka kwa miguu yake.